Njaa ya Delphine

Asubuhi Kadutu, mtaa wa Bukavu, inaamka kwa kelele ya madumu. Watoto wanateremka kutafuta maji, kwa sababu bomba za mtaani hazitoi kitu. Bisimwa anafungua duka lake la kushona, anaweka cherehani barazani, anaanza kukanyaga. Cherehani yake ni ya miguu. Wenzake walinunua za umeme. Sasa wenzake wanakaa wanatazama waya, na yeye anashona. Wakubwa walisema umeme utakuja. Bisimwa amesikia wakubwa wengi maishani mwake, na hakuna hata mmoja ambaye hakusema.

Mke wake, Chantal, alikufa kwa kuhara na kutapika. Gari la wagonjwa halikuweza kupanda kwao, barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Wanaume walimbeba Chantal kwenye kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa. Walipofika chini, alikuwa amekwisha nyamaza. Barabara ile bado iko vile vile. Wakubwa wa jana hawakuitengeneza. Wakubwa wa leo wanapita juu yake na magari marefu, vioo vimefungwa.

Baada ya Chantal, Bisimwa alibaki na binti mmoja, Delphine. Mume wa Delphine anachimba dhahabu kule Shabunda, anarudi akipenda. Delphine anakaa kwa baba yake na anauza vitenge soko la Kadutu. Ni mama wa kucheka sana, na mwili wake ni mkubwa. Zamani ukubwa ule ulimpendeza. Siku hizi magoti yalikuwa yanamuuma, na akipanda njia ya nyumbani alisimama mara nyingi kutafuta pumzi.

Delphine alikuwa pia katika moziki. Moziki ni wanawake marafiki wanaosaidiana, na siku ya sherehe wanavaa kitenge kimoja, mshono mmoja. Harusi moja ilikuwa inakaribia, na Bisimwa ndiye aliyewashonea.

Juma lile Bisimwa alipika mwenyewe, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa za ziwani.

"Delphine, kuya ukule."

"Siko na njaa, Papa."

"Juzi hukukula. Jana hukukula. Unaishi na nini, upepo?"

"Tumbo limejaa."

"Limejaa nini, na hukukula?"

Delphine alitoka nje akiwa ameshika mdomo. Bisimwa alimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Alitapika maji tu.

Siku ya alhamisi Delphine hakuweza kwenda sokoni. Alilala kitandani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alisema tangu jana hajakojoa. Bisimwa alisimama mlangoni akamtazama. Macho yale aliyajua. Aliyaona kwa Chantal, kwenye kipoyi.

Jirani yake, Jean-de-Dieu, fundi wa viatu, alikuja kusalimia mgonjwa. Alipotoka alimvuta Bisimwa pembeni.

"Muzee, miye sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Lakini mutu anakauka vile, hakuna homa, hakuna kuhara. Weye ni mutu wa Bukavu. Unajua."

Bisimwa alijua. Jean-de-Dieu alitaka kusema karuho. Karuho ni sumu ambayo watu wa hapa wanaiogopa sana. Wanasema adui anaitia kwenye chakula au kinywaji, na mtu anakauka polepole mpaka anaisha. Mtu akikonda bila sababu, neno la kwanza ni lile.

"Kule juu kuko muganga," Jean-de-Dieu alisema kwa sauti ndogo. "Anapana majani ya kutapisha. Mutu anatapika mpaka sumu yote inatoka."

"Anatapika tena?"

"Njo dawa yake, Muzee. Sumu itatokea wapi?"

Bisimwa alifikiri kidogo tu. Mtu aliyezika mke hafikiri sana. "Tafuta vijana wa kubeba kipoyi," alisema. "Tunapanda leo."

Halafu akaingia kwa Delphine. "Mara ya kwanza kutapika, ulikuwa umetoka wapi?"

"Kwa Yaya Ariane, jumapili. Lakini Papa, haiko..."

Hakumaliza. Kutapika kulimkata neno. Bisimwa hakungoja. Alivaa viatu akatoka.

Maman Ariane, ambaye wenzake wanamwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye mkubwa wa moziki. Nyumba yake haiko mbali. Bisimwa alimkuta uani, anachambua maharage kwenye lungo.

"Karibu, Papa Delphine. Kaa."

"Sikai. Ulimulisha mutoto wangu nini?"

"Nilimulisha?"

"Jumapili alikuwa hapa. Leo anakufwa."

"Anakufwa je? Hapa hakukula kitu. Hata chai alikataa."

"Mutu anatoka kwako anakauka, na weye unaniambia chai."

Mikono ya Ariane ilisimama juu ya maharage. Alielewa neno ambalo lilikuwa bado halijatoka. Katika mtaa wetu neno lile likitoka, mwanamke anaweza kuchomewa nyumba.

"Unataka kusema karuho," alisema polepole. "Kwangu. Miye nilimuosha Chantal kwa mikono hii, nikamuvalisha. Weye ulikuwa umesimama pale, huwezi hata kufunga kifungo."

Bisimwa alitazama chini. Lakini hakuondoka.

"Basi niambie ni nini ilimuingia."

Ariane aliweka lungo chini. "Tuliapa hatutasema," alisema. "Ni shindano." Sindano ndiyo kwetu inaitwa shindano.

Aliingia ndani, akarudi na kitu kirefu, chembamba, chenye kifuniko. Kilifanana na biki ya kuandikia.

"Niko na ugonjwa wa sukari. Hii niliandikiwa na dokta, ndugu yangu ananitumia kutoka Ulaya. Nilikonda. Weye mwenyewe ulinipunguzia gauni. Bale ba moziki wakaniuliza, yaya, unafanya je? Nikawaambia. Wakasema, basi tuko bote."

"Ukawachoma."

"Papa Delphine, sisi tunavaa sawa. Mumoja akipata, bote wanapata. Ningewaambia nini, kwamba miye nitapendeza peke yangu? Lakini nilifanya vizuri. Kila mutu na ncha yake mupya. Siko mupumbavu."

Bisimwa alimwambia habari ya muganga na majani ya kutapisha. Ariane akashtuka, akagonga lungo, maharage yakamwagika.

"Mutu anatapika tangu jumapili, na weye unataka kumutapisha? Mupeleke kwa Maman Sophie, muuguzi wa hospitali kule chini, anfirmiye anayenifuata sukari yangu. Sasa hivi. Naenda na weye."

"Chantal alikufia njia ya kwenda kule."

"Delphine bado hajakufa. Twende."

Walipofika nyumbani, vijana walikuwa tayari. Delphine alikuwa amefungwa kwenye kipoyi, blanketi hadi shingoni. Jean-de-Dieu alikuwa ameshika mti wa mbele, uso umetazama mlima.

"Geuzeni," Bisimwa alisema. "Hatupandi. Tunateremka."

Hospitalini walimkuta Sophie, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Alibana ngozi ya mkono wa Delphine. Ngozi ilibaki imesimama. Aliita dokta, wakamwekea seromu, maji ya kuingia kwenye mshipa, wakachukua damu. Bisimwa alisimama karibu na ukuta akitazama matone. Moja, jingine, jingine.

Baadaye Sophie alitoka akaja kwenye korido. Ariane alimpa ile biki. Sophie aliigeuza mkononi, akasoma alama za kipimo, akamtazama Ariane.

"Ulimuchoma kipimo gani?"

"Kama changu."

"Chako cha mwanzo, ao chako cha leo?"

"Cha leo."

Sophie alikaa kwenye benchi. "Kaeni," alisema. Safari hii Bisimwa alikaa.

"Hii dawa siyo sumu," Sophie alianza. "Ni dawa nzuri kwa mutu aliyeandikiwa. Lakini mujue kazi yake. Ukikula, utumbo wako unatoa homoni. Homoni ni kama mujumbe anayetembea ndani ya damu. Huyu mujumbe anapanda kwenye ubongo, anasema, chakula kimefika, inatosha. Njo pale unasikia umeshiba. Anapita pia kwenye kongosho, kiungo kiko nyuma ya tumbo. Anakiambia kitoe insulini, sukari isipande kwenye damu. Na tumbo lenyewe analiambia, usifungue mulango haraka."

"Mulango gani?" Bisimwa aliuliza.

"Tumbo liko na mulango chini. Chakula kinapita pale kuingia kwenye utumbo. Papa, unajua kamba ya bariere njiani, pale askari wanasimamisha magari?"

"Nani wa Kivu hajui?"

"Ni vile. Kamba inashuka, inafunga njia, magari yanapita moja moja. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na mutu hasikii njaa upesi."

Bisimwa alifikiri. "Basi hii ni bariere ya kwanza nasikia inasaidia mutu," alisema. Ariane alitaka kucheka, akajizuia.

"Sasa sikieni," Sophie aliendelea. "Mujumbe wa mwili wako anaishi dakika chache tu, kisha anapotea. Wenye kutengeneza dawa walitafuta wa kufanana naye, lakini huyu wao hapotei upesi. Anakaa mwilini siku nyingi. Ndiyo sababu unachomwa mara moja tu kwa juma."

"Sisi tulifikiri inayeyusha mafuta," Ariane alisema. "Kama mawese kwenye sufuria."

"Haiyeyushi kitu. Unashiba upesi, unakula kidogo, na mwili unaanza kutumia mafuta uliyoweka. Na ukiacha dawa, mujumbe anaondoka. Njaa inarudi, na kilo zinaweza kurudi nayo. Kwa hiyo hata mwenye kuchomwa lazima ajifunze kukula vizuri na kutembea."

"Na mutoto wangu?" Bisimwa hakutaka mafuta ya mtu mwingine. "Juu ya nini anakauka?"

Sophie alimgeukia Ariane. "Weye tulikuanzisha na kiasi gani?"

"Kidogo sana. Hata hivyo nilisikia kichefuchefu."

"Halafu?"

"Uliongeza polepole. Mwezi, na mwezi mwingine."

"Tulikupandisha ngazi. Mwili wako ulizoea kila hatua. Delphine ulimuweka juu mara moja. Kamba ya bariere ilishuka, ikakatalia chini. Hata maji hayakupita. Akatapika, maji yakaisha mwilini, na figo zikaanza kuchoka. Njo maana hakojoi."

Bisimwa aliona tena vijana wakiwa wamegeuza nyuso zao kuelekea mlimani. "Kama ningemupeleka kwa muganga wa majani?"

"Angetapika maji ya mwisho aliyokuwa nayo."

Bisimwa alishika benchi kwa mikono miwili.

"Toeni basi hiyo dawa ndani yake."

"Haitoki, Papa. Itapungua yenyewe, siku kwa siku. Kazi yetu ni kumupa maji mpaka ipungue. Tunamuangalia pia tumbo. Akisikia maumivu makali, yale yanaingia mpaka mugongoni, muniite mara moja, inaweza kuwa kongosho. Lakini sasa haiko vile. Umemuleta kabla ya kuchelewa."

Bisimwa alirudia maneno yale ya mwisho kimya, mara mbili, kama mtu anayepima kitambaa cha bei kali.

"Kuko neno lingine," Sophie alisema, "na hili ni lako, Ariane."

"Nilibadilisha ncha. Kila mutu na yake."

"Najua. Ulifikiri inatosha, na wengi wanafikiri vile. Lakini unapochoma, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya biki. Macho hayaioni. Ncha mupya inakuta dawa ambayo damu ya mwingine imeingia. Ukimwi unapita pale. Ugonjwa wa ini unapita pale. Biki moja ni ya mutu mumoja, hata kama ni dada yako wa tumbo moja."

Ariane alifunika mdomo. Hakulia. Alisema tu, "Niliwapenda."

"Ndiyo. Kesho ulete bote tupime damu. Weye unaanza leo. Nipe kidole."

Damu ya Ariane ilikuwa safi, hakuna ukimwi, hakuna ugonjwa wa ini. Lakini sukari ilikuwa juu sana. Biki iliyotengwa kwa ajili yake ilikuwa karibu kuisha kabla ya wakati kwa sababu ya kugawa, na majuma mawili alikuwa amejichoma nusu bila kumwambia mtu. Alikuwa amewapunguza wengine huku yeye anaumwa.

"Na hizi dawa ziko mpaka sokoni," Bisimwa alisema kwa hasira. "Niliona kwenye meza, katikati ya sabuni na betri. Nani anapima kama ni za kweli? Wakubwa wako wapi?"

"Hilo una haki," Sophie alisema. "Za mezani hatujui ndani kuna nini, na hatujui zilipigwa jua mara ngapi. Msinunue. Na mwanamuke mwenye mimba, ao anayetaka mimba, asijichome kabisa. Lakini hii ya Delphine, Papa, wakubwa hawakuileta."

"Hapana," Bisimwa alisema. "Hii tulijiletea wenyewe."

Akamgeukia Ariane. Alitafuta maneno, hakuyapata mengi. "Nilikuja kwako na neno baya. Unisamehe."

"Ulikuwa unataka mutoto wako," Ariane alisema. "Lakini usirudie. Neno lile lingefika njiani, miye ningelala wapi?"

Usiku ule na siku iliyofuata seromu ilibadilishwa. Delphine alikojoa. Sophie alileta habari ile kama mtu anayeleta habari ya kuzaa, na Bisimwa, mzee mwenye heshima zake, alisimama akashukuru kwa mkojo. Ariane alileta moziki yote, wakapima damu, wote safi. Wenzake Delphine walikuwa wamesikia kichefuchefu tu, maana miili haifanani. Sophie aliwaambia lazima warudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa mwingine unajificha mwanzoni.

Jumamosi mchana Bisimwa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kitanda. Delphine alifungua macho.

"Papa."

"Naam."

"Nasikia njaa."

Bisimwa alikuwa amesikia neno lile maisha yake yote. Alilisikia utotoni kijijini. Alilisikia wakati wa vita, porini, mtoto mgongoni. Alilisikia kwa Delphine huyu huyu, miaka ambayo hakuna mtu alikuwa na nguo ya kushonwa. Kila mara lilimkata moyo. Leo lilimwingia kama maji baridi.

"Njaa ya nini?"

"Sambaza. Na bugali ya moto."

"Uji kwanza," Sophie alisema kutoka kitanda cha pili, bila kugeuka. "Vijiko vichache. Kamba inaanza kupanda, tusilete lori."

Bisimwa alimnywesha Delphine uji kijiko kwa kijiko. Delphine hakutapika. Kisha mzee alitoka uani kunawa uso, maana uso wake ulikuwa umelowa na hakutaka binti yake aone. Alifungua bomba. Halikutoa hata tone. Alilifunga tena vizuri, akajifuta na shati, akarudi ndani. Kwa mara ya kwanza hakumtukana mtu.

Miezi mitatu ilipita. Wanawake wa moziki walirudi kwa Sophie, wakakaa kwenye benchi moja, wamebanana, hakuna anayeongea. Sophie aliwaita mmoja mmoja. Kila mmoja alitoka ameshika kifua. Ariane alitoka wa mwisho. "Tuko bazima," alisema, "bote." Mmoja wao akaanza kulia, na mwingine akamcheka mpaka naye akalia.

Dokta alimpima Delphine vizuri. Hakuona sababu ya kumwandikia sindano. Alimwambia aanze na chakula na miguu, na arudi kuonekana. Sasa sahani ya Delphine ina mboga ya lengalenga nyingi, maharage au sambaza, na bugali ya ngumi moja. Soda amewaachia wageni. Asubuhi hapandi tena moto, pikipiki ya abiria, kwenda sokoni, anateremka kwa miguu na kurudi kwa miguu, na wawili wa moziki wanatembea naye. Kilo zinatoka polepole, lakini njiani hasimami tena mara nyingi, na magoti yamepunguza kelele.

Ariane alipata biki nyingine. Anajichoma peke yake, kipimo alichoambiwa na Sophie. Ile ambayo haijafunguliwa anaiweka kwenye frigo ya dokta, kwa sababu ya kwake haina umeme, na hairuhusiwi kuganda wala kupata joto. Ncha zilizotumika anazirudisha kwa Sophie kwenye boksi. Sukari yake imeshuka.

Jumapili moja moziki ilikusanyika kwa Ariane kupimwa nguo mpya. Bisimwa alikuwa pale na futi yake shingoni na pini mdomoni. Ariane alijigeuza ukutani, akainua blauzi kidogo, akajichoma, akafunga biki. Kulikuwa na mwanachama mpya, Ornella, mwanamke mwenye mwili mzito na macho ya aibu. Aliangalia ile biki mpaka ilipoingia kwenye mkoba.

"Yaya," alisema, "na miye je?"

Ariane alimtazama Bisimwa, kisha akamtazama Delphine.

"Hapana, dada," Delphine alisema. "Kitenge tutagawana. Viatu nitakuazima, hata pete ukitaka. Hii hapana." Alimvuta Ornella akamkalisha karibu naye. "Kesho tunateremka kwa Maman Sophie, miye na weye. Ukiandikiwa, yako itakuwa yako. Usipoandikiwa, utatembea na sisi, na nitakueleza njiani mambo niliyoyaona."

"Ni mabaya?"

"Mabaya. Lakini yaliisha."

Ornella alikubali kwa kichwa. Bisimwa alitoa pini mdomoni, akamwambia asimame wima, akampima kiuno. Aliandika kipimo kwa chaki juu ya kitambaa, akaacha pindo pana ndani ili gauni liweze kupunguzwa au kuongezwa, akaita anayefuata.